Aliyeshtakiwa Akabidhi Kiti

Mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Bahi akifikishwa mahakamani kwa shtaka la kula fedha za kujengea darasa, hatumwi tena benki siku ya pili yake kwenda kuchukua fedha nyingine. Kanuni za utumishi wa umma zinaruhusu asimamishwe kazi, akawa anapokea mshahara usiopungua nusu, mpaka shauri lake litakapokwisha. Ndivyo ilivyo pia kwa karani wa masjala, kwa mhasibu na kwa bwana shamba. Hakuna anayedai kwamba watu hao wamekwisha kuhukumiwa. Linalosemwa ni kwamba mtu hawezi kujibu shtaka juu ya mali ya umma na papo hapo akaendelea kuishika mali hiyo.

Sasa na atazamwe yule anayeketi juu ya watumishi hao wote: diwani ambaye wenzake wamemchagua kuwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya, au Meya wa Jiji. Huyu akishtakiwa kwa rushwa au kwa ubadhirifu, ni nani atakayemwambia apumzike? Kwa desturi ya sheria zetu, kinachompokonya mtu kiti cha kuchaguliwa ni hukumu, si shtaka. Kwa hiyo asubuhi anaweza kusimama kizimbani, na alasiri akarudi kuongoza kikao kinachopitisha matumizi ya mamilioni. Karani wa masjala amekwisha kwenda nyumbani na nusu mshahara. Mkubwa wake amebaki na kiti, gari na posho.

Sisi tunasema kwamba jambo hilo si la haki, na kwamba halina budi kurekebishwa. Lakini kabla ya kusema lirekebishwe vipi, ni wajibu wetu kutenganisha mambo mawili ambayo katika mabishano ya vijiweni na hata ya vikao huchanganywa kuwa moja. Diwani aliye mwenyekiti ana dhamana mbili. Ya kwanza ni udiwani, aliopewa na wananchi wa kata yake kwa kura zao. Ya pili ni uenyekiti, aliopewa na madiwani wenzake ili awaongoze. Dhamana hizi hazina asili moja, hazina kazi moja, wala hazipaswi kuondoka kwa njia moja.

Maoni yetu ni haya. Kiongozi wa kuchaguliwa anaposhtakiwa kwa kosa linalogusa mali au madaraka ya umma, akabidhi uenyekiti siku ile ile, bila ya kusubiri kusukumwa. Udiwani abaki nao mpaka mahakama iseme neno lake.

Watu wa Ugogo hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na mwaka inapokatika mapema, uhai wa kaya hutegemea mtama na uwele uliokwisha kuwekwa akiba. Kijiji chenye ghala la pamoja kinajua la kufanya nafaka inapopungua bila maelezo. Jambo la kwanza si kumpiga mtunza ghala, wala si kumfukuza kijijini. Jambo la kwanza ni kumwomba ufunguo. Nafaka inapimwa, mashahidi wanaulizwa, na ikionekana kwamba ni panya tu waliokula, anarudishiwa ufunguo wake mbele ya watu wote. Mtunza ghala mwaminifu ndiye anayeutoa ufunguo huo kwa haraka kuliko wote, kwa sababu anataka mahesabu yafanywe na mtu mwingine asiyetiliwa shaka.

Kukabidhi ufunguo, basi, si kukiri wizi. Hapa ndipo viongozi wengi wanapokosea. Wanadhani kwamba atakayejiuzulu atakuwa amejihukumu mwenyewe. Historia ya nchi yetu inasema vingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani. Katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, raia waliokamatwa katika msako wa mauaji walikuwa wameteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Ndugu Mwinyi hakushika rungu, wala hakutoa amri ya kumtesa mtu. Lakini vyombo vile vilikuwa chini ya wizara yake, naye akaona kwamba hawezi kuendelea kukaa juu yake wakati umma unadai maelezo. Hakuna aliyekuwa amempeleka mahakamani. Alikwenda zake kimya. Baadaye akaliwakilisha Taifa nchini Misri, akarudi katika uwaziri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akakabidhiwa Urais wa Jamhuri ya Muungano, aliouongoza kwa miaka kumi. Alipofariki dunia tarehe 29 Februari 2024, kujiuzulu kwake kulitajwa na wengi miongoni mwa sifa zake, si miongoni mwa aibu zake.

Mfano wa pili ulitokea hapa hapa Dodoma. Tarehe 7 Februari 2008, ndani ya ukumbi wa Bunge, Ndugu Edward Lowassa alitangaza kuachia Uwaziri Mkuu, baada ya Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kutoa taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Naye hakuwa ameshtakiwa mahakamani. Tena alilalamika mbele ya wabunge kwamba Kamati haikumwita ili imsikilize, na malalamiko hayo hayakuwa madogo. Lakini iangaliwe alichokiacha na alichobaki nacho. Aliacha Uwaziri Mkuu, ambao ni dhamana ya kuendesha Serikali. Hakuacha ubunge wa Monduli, ambao ulikuwa ni dhamana ya wapiga kura wake. Aliendelea nao mpaka mwaka 2015. Mwaka huo akagombea Urais kwa tiketi ya chama kingine, na Watanzania zaidi ya milioni sita wakampa kura. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya siasa zake. Hawezi kusema kwamba kuachia kiti kulimzika.

Viongozi hao wawili walikabidhi viti vyao bila ya kuwapo shtaka lolote. Je, yule ambaye shtaka lake limekwisha kusomwa hadharani, mbele ya hakimu, ana hoja gani ya kubaki?

Hoja ya kwanza anayoitoa ni ya Katiba. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema wazi kwamba ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa analo. Hii ni hoja nzito, na gazeti hili halitaidharau kamwe. Taifa lisiloiheshimu ibara hiyo ni Taifa ambalo kila mwenye chuki anaweza kumwangamiza jirani yake kwa barua moja isiyokuwa na jina. Lakini ibara hiyo inamkinga mtu na adhabu. Inamkinga na kifungo, na faini, na kunyang'anywa kilicho chake. Uenyekiti si chake. Hakuurithi kwa baba yake, wala hakuununua. Aliazimwa na wenzake kwa niaba ya wananchi, na mwenye mali anapotaka kuitazama mali yake hamwadhibu aliyeazimwa. Kama kusimamishwa kungekuwa ni kuvunja Katiba, basi Katiba ingekuwa inavunjwa kila mwalimu au mhasibu aliyeshtakiwa anaposimamishwa kazi. Haiwezekani Katiba iwe na tafsiri moja kwa mwenye chaki na nyingine kwa mwenye joho.

Hoja ya pili ni kwamba shtaka laweza kuwa fitina. Nayo ni ya kweli. Siasa za halmashauri zina ushindani mkali, na si kila anayepelekwa mahakamani amepelekwa kwa nia njema. Kumbukumbu zetu zinatoa fundisho. Mwishoni mwa mwaka 2008 walifikishwa mahakamani Ndugu Basil Mramba na Ndugu Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, pamoja na Ndugu Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, kwa shtaka la kutumia vibaya madaraka na kuitia Serikali hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 11, kutokana na msamaha wa kodi waliopewa wakaguzi wa dhahabu. Hukumu ilitolewa Julai 2015. Mawaziri wale wawili walikutwa na hatia; Katibu Mkuu akaachiwa huru. Kizimba kilikuwa kimoja, lakini mwisho wa watu wale haukuwa mmoja. Asiyeona tofauti kati ya shtaka na hatia na aitazame kesi hiyo.

Lakini kesi hiyo hiyo ina fundisho la pili. Toka kushtakiwa mpaka kuhukumiwa ilipita zaidi ya miaka sita. Ndugu Mramba alikuwa mbunge wa Rombo aliposhtakiwa, na akaendelea kuwa mbunge mpaka wananchi walipochagua mwingine mwaka 2010. Wana Rombo hawakukosa mwakilishi kwa muda wote huo, na hilo lilikuwa sawa. Lakini chukua mfano wa mwenyekiti wa halmashauri. Muhula wa halmashauri ni miaka mitano. Ikiwa kesi itachukua miaka sita, mwenyekiti aliyeshtakiwa katika mwezi wake wa kwanza atamaliza muhula wote akiongoza fedha ambazo anashtakiwa kuzichezea. Hukumu itatoka wakati yeye na bajeti zake zote tano zimekwisha kupita. Haki ya namna hiyo inawafikia wananchi ghala likiwa limebaki sakafu tupu.

Na hapa tunafika katika jambo ambalo watumishi wanaosoma ukurasa huu wanalijua kuliko sisi. Shauri la ubadhirifu halisimami kwa maneno ya mitaani. Linasimama kwa hati za malipo, mihutasari ya vikao, vitabu vya stoo na ushahidi wa watu. Hati hizo zimo katika kabati za halmashauri ile ile. Mashahidi ni mhasibu, ofisa ugavi, mhandisi, mtendaji wa kata na mwalimu mkuu aliyepokea mifuko pungufu ya saruji. Mwenyekiti ndiye anayeongoza Baraza la Madiwani na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na Baraza hilo lina kauli katika nidhamu ya watumishi wa halmashauri. Tunamtaka ofisa ugavi huyo aende mahakamani siku ya Jumatatu akaseme kweli yote mbele ya mshtakiwa, na siku ya Alhamisi apeleke hoja zake katika kikao kinachoongozwa na mshtakiwa huyo huyo. Wachache wenye moyo wa chuma watasema. Wengi watakumbuka watoto wao walio shuleni, nao watasema kwamba hawakumbuki.

Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Heshima ya kiongozi ni sehemu yake ndogo. Sehemu kubwa ni usalama wa mtumishi mdogo ambaye ukweli wake ndio utakaolipatia darasa paa. Kiongozi anayeng'ang'ania kiti huku ameshtakiwa anamweka shahidi njia panda kati ya mkate wake na kiapo chake, hata kama hakumtisha kwa neno moja.

Hoja ya tatu husema: madiwani wenyewe wana uwezo wa kumwondoa mwenyekiti wao, basi waachiwe waamue. Ni kweli kwamba sheria inawapa uwezo huo, kwa kura za theluthi mbili. Lakini kura ya kuondoa ni silaha ya siasa, nayo huhesabiwa kwa makundi. Januari 2020 ilitumiwa dhidi ya aliyekuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam, Ndugu Isaya Mwita, na ubishi juu ya kutimia au kutotimia kwa hesabu ya theluthi mbili ukawa mkubwa kuliko ubishi juu ya tuhuma zenyewe. Mwenye kundi kubwa atapona hata akiwa na hatia, na mwenye kundi dogo ataanguka hata akiwa safi. Jambo linalohitaji kanuni haliwezi kuachiwa bahati ya makundi.

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kulipitia jambo hili, na uzoefu wao unafaa kutazamwa. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja ikiwa na gavana aliyechaguliwa na wananchi. Sheria yao ya kupambana na rushwa ya mwaka 2003 inasema kwamba mtumishi wa umma aliyeshtakiwa kwa rushwa asimamishwe kwa nusu mshahara, lakini ikawaacha nje wale ambao kuondolewa kwao kumewekewa utaratibu na Katiba. Magavana wakajificha chini ya mwavuli huo. Mwaka 2019 Gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, alishtakiwa kuhusu zabuni za mafuta za kaunti yake, na mahakama ikamzuia kwenda ofisini. Alipokata rufaa, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua Julai mwaka huo kwamba zuio lile ni halali, na kwamba kuwapa wakubwa kinga ambayo wadogo hawana kunapingana na sura ya Katiba yao inayohusu uadilifu wa viongozi. Gavana alibaki kuwa gavana kwa jina. Kazi za ofisi zikashikwa na naibu wake. Zuio la namna hiyo likamfikia pia Gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, na mwishoni mwa mwaka 2019 Gavana wa Nairobi, Mike Sonko.

Yaliyofuata hayakuwa na sura moja. Lenolkulal alikutwa na hatia mwaka 2024, na Waititu Februari 2025. Sonko, kwa upande wake, aliachiwa huru katika mojawapo ya kesi zake mwaka 2022, lakini wakati huo alikuwa amekwisha kuondolewa katika ugavana na Bunge la Kaunti na Seneti miaka miwili kabla. Fundisho ni mara mbili. Kwanza, inawezekana kumtenga mshtakiwa na fedha bila ya kumvua ushindi wake. Pili, kuondolewa kabisa hakurudishiki, hata kama kesi ikianguka baadaye. Ndiyo maana sisi tunasema kiti cha kuongoza kikabidhiwe mara moja, lakini kiti cha kuwakilisha kingoje hukumu.

Je, kazi za halmashauri zitasimama? Hapana. Kila halmashauri ina makamu mwenyekiti, na kila idara ina watumishi. Halmashauri iliyojengwa juu ya mtu mmoja ilikuwa imekwisha kuanguka kabla ya shtaka.

Tunapendekeza mambo manne. La kwanza, sheria za serikali za mitaa zitamke kwamba mwenyekiti au meya aliyeshtakiwa kwa rushwa, wizi wa mali ya umma au matumizi mabaya ya madaraka anasimama kando ya uenyekiti tangu siku shtaka linaposomwa, na makamu wake anashika nafasi. La pili, makosa hayo yatajwe moja moja. Mtu asisimamishwe kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, kwa deni la dukani, wala kwa maneno aliyoyasema katika mkutano wa hadhara. Bila ya mpaka huo, dawa itageuka kuwa sumu mikononi mwa wenye visasi. La tatu, mashauri ya namna hii yapewe muda maalum, na upande wa mashtaka usioweza kuleta ushahidi ndani ya muda huo usiruhusiwe kumning'iniza mtu hewani. La nne, anayeshinda kesi arudishiwe kiti chake ikiwa muhula haujaisha, tena arudishiwe hadharani, katika kikao cha Baraza lililo kamili, na posho aliyozuiliwa alipwe. Asiyeweka njia ya kurudi kwa heshima asishangae watu wakikataa kuondoka kwa heshima.

Wakati sheria inangojewa, vyama vya siasa vina wajibu wao. Chama kilichomsimamisha mtu kugombea ndicho cha kwanza kumwita na kumwambia ukweli. Wanachama wazee bado wanaikumbuka ahadi isemayo kwamba cheo ni dhamana. Maneno hayo hayakuwekwa ili yasomwe siku ya kupokea kadi na kusahauliwa siku ya kupanda kizimbani. Chama kinachomficha mshtakiwa nyuma ya bendera yake hakimsaidii mtu huyo, na kinajipaka matope ambayo hayakuwa yake.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba halmashauri za wilaya ziliwahi kufutwa katika nchi hii. Zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984, kwa sababu Taifa lilitambua kwamba madaraka yaliyo mbali na mwananchi hayamwamshi. Leo Ibara za 145 na 146 za Katiba zinazilinda. Lakini hakuna ibara inayoweza kuzilinda na dharau ya wananchi wenyewe. Kila mwaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu serikali za mitaa huletwa hapa Dodoma, Bungeni, na kila mwaka mwananchi wa Chamwino, Kongwa au Mpwapwa huisikia redioni. Halafu hutazama ni nani anayeketi kwenye kiti cha mbele katika halmashauri yake. Akimwona aliyeshtakiwa ameketi pale pale, husema kwamba taarifa zile ni za makaratasi tu. Siku atakapoacha kusema hata hilo, tutakuwa tumebaki na majengo ya halmashauri bila ya halmashauri.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa kuchaguliwa, popote walipo na wa chama chochote: ukiitwa mahakamani kwa ajili ya mali ya umma, andika barua kwa Baraza jioni ile ile. Usiseme umekosa kama hukukosa. Sema kwamba unataka mahesabu yapimwe bila ya kivuli chako. Kisha nenda kawahudumie watu wa kata yako, ambao bado ni wako. Ukiwa safi utarudishiwa ufunguo mbele ya macho ya watu. Na usipourudishiwa, utakuwa umejua, pamoja na sisi wote, kwamba haukupaswa kuwa mkononi mwako.